Mtoto mwembamba asiye na pumzi: kipimo cha uzito hakimalizi habari

Swali: Daktari, pokea salamu kutoka Jinja. Mwanangu wa kiume ana miaka 11 na anasoma P5, yaani darasa la tano. Si mnene kabisa. Walipompima uzito na urefu kwenye kituo cha afya walisema yuko sawa. Lakini siku ya mashindano ya shule hakumaliza hata mzunguko mmoja wa uwanja. Alikaa chini akihema, na wenzake wakamcheka. Mwalimu wake anasema ni uvivu. Mimi naogopa kwa sababu babu yake alifariki kwa kisukari na baba yake anameza dawa za presha. Shule iko kama kilomita mbili kutoka nyumbani, anapelekwa na bodaboda, na Jumamosi ana masomo ya ziada. Je, mtoto mwembamba anaweza kupata matatizo ya moyo au ya sukari? Nifanye nini?

Jibu: Mama, umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na ni lazima tuyajibu kwa mpangilio, kwa sababu la kwanza likirukwa, ushauri wa la pili unaweza kumdhuru mtoto. La kwanza ni kwa nini hana pumzi leo. La pili ni kama kukosa pumzi katika umri huu kunaonyesha lolote kuhusu moyo na sukari yake ya baadaye, hata kama uzito wake hauna kasoro. Neno uvivu naomba tuliweke kando. Daktari hulifikia mwisho, baada ya kukosa maelezo mengine yote, na mara nyingi hafiki huko.

Katika nchi kama yetu, mtoto anayehema kuliko wenzake hachukuliwi moja kwa moja kuwa mtoto asiyefanya mazoezi. Huko Ulaya daktari anaweza kuanza na dhana hiyo na asikosee sana, lakini hapa Uganda bado tuna ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, ambao huanza na maambukizi ya koo yanayoonekana madogo. Bakteria aina ya streptokoka hushambulia koo, kinga ya mwili hupambana nao, na kwa baadhi ya watoto kinga hiyo hugeukia vali za moyo, hasa ile iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto. Vali hujikunja polepole au huacha kufunga vizuri, na dalili ya kwanza ambayo mzazi huweza kuiona ni hiyo hiyo uliyoniandikia: mtoto anachoka upesi anapokimbia.

Utafiti mkubwa uliofanyika Gulu, ambao matokeo yake yalitangazwa mwishoni mwa mwaka 2021, uliwapima watoto zaidi ya laki moja kwa picha za moyo za mawimbi ya sauti ili kuwapata wenye dalili za mwanzo ambazo sikio la daktari haliwezi kuzisikia. Kati yao, 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki nne, na jingine halikuchomwa. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa, dhidi ya asilimia 8.2 ya wenzao. Nataja takwimu hizi kwa sababu zinaonyesha kwamba ugonjwa huu ukigunduliwa mapema una dawa ya bei nafuu, na kwamba kumlazimisha mtoto akimbie bila kujua hali ya vali zake ni kucheza kamari.

Sababu nyingine ni upungufu wa damu. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu hadi kwenye misuli, na malaria za mara kwa mara, minyoo ya safura au chakula chenye madini kidogo ya chuma huipunguza. Mtoto wa namna hii anaweza kuwa na moyo na mapafu mazima kabisa na bado akashindwa kumaliza mzunguko. Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, nayo isisahaulike: uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa Uganda walikuwa wamerithi jeni moja ya tatizo hilo, yaani kutoka kwa mzazi mmoja tu, na Busoga, eneo lenu la Jinja, ni miongoni mwa maeneo yanayoguswa sana. Aliyerithi jeni moja kwa kawaida hana shida katika michezo ya kila siku, lakini mwenye ugonjwa wenyewe huhitaji mpango wake wa mazoezi, maji ya kutosha na mapumziko. Kuna pia pumu inayoamshwa na kukimbia, ambayo dalili yake ni kikohozi au mlio kifuani dakika chache baada ya kusimama. Na kuna jambo dogo ambalo sisi madaktari huwa tunasahau kuliuliza: siku ile ya mashindano alikuwa amekula nini, na saa ngapi? Watoto wengi hutoka nyumbani na kikombe cha chai tu, wakasimama juani hadi saa sita wakisubiri zamu yao.

Kwa hiyo, kabla ya mpango wowote wa mazoezi, mpeleke hospitali ya rufaa au kituo cha afya cha ngazi ya nne ambako yuko daktari. Omba asikilizwe moyo, apimwe presha kwa mkanda unaolingana na mkono wa mtoto (mkanda wa mtu mzima hutoa majibu ya uongo), apimwe himoglobini na, ikiwa hajawahi, selimundu. Daktari akisikia sauti isiyo ya kawaida kwenye moyo ataagiza picha, na Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago ina wataalamu wa mioyo ya watoto. Usisubiri miadi ikiwa mtoto amewahi kuzimia akiwa anakimbia, analalamika maumivu ya kifua au mapigo yanayorukaruka, anashindwa kulala chali kwa kukosa hewa, amevimba miguu, au amekuwa na maumivu ya viungo yanayohama kutoka goti hadi kifundo. Vilevile, mtoto mwembamba anayekunywa maji kupita kiasi, anayeamka usiku kukojoa na anayezidi kukonda anahitaji kupimwa sukari siku hiyo hiyo, kwa kuwa kisukari cha aina ya kwanza huwapata watoto wembamba, na kikicheleweshwa huua.

Tuchukulie sasa kwamba vipimo vyote vimetoka vizuri, jambo ambalo ndilo linalotokea kwa watoto wengi. Hapo tunabaki na mtoto ambaye pumzi yake ni ndogo kwa sababu mwili wake haujazoeshwa kufanya kazi. Je, hilo ni jambo la kujali? Ndiyo, na sababu yake haihusiani sana na mashindano ya shule.

Kile tunachokiita pumzi, ambacho wataalamu hukiita siha ya aerobiki, ni uwezo wa mwili mzima kuchukua oksijeni hewani, kuisafirisha na kuitumia. Mapafu ya mtoto mzima mara chache huwa ndiyo kikwazo. Kikwazo kikubwa ni kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kwa pigo moja, kwani mtoto akikimbia kwa nguvu zake zote mapigo hufika karibu 200 kwa dakika, awe hodari au goigoi. Wanachotofautiana ni ujazo wa kila pigo. Baada ya hapo ni zamu ya misuli: wingi wa mishipa midogo inayoizunguka, na wingi wa mitokondria, yaani yale majiko madogo yaliyomo ndani ya kila chembe ambamo sukari na mafuta huunguzwa. Mtoto anayecheza kila siku hujengewa vyote hivyo bila kujua, na mtoto anayekaa hukosa.

Na hapa ndipo babu yake anapoingia katika habari hii. Baada ya mlo, sehemu kubwa ya sukari inayoondolewa kwenye damu kwa msaada wa insulini huingia kwenye misuli. Msuli uliozoea kazi hufungua mlango kwa insulini kidogo tu. Msuli uliolala huhitaji insulini nyingi zaidi kwa kazi ileile, na kongosho hulazimika kutoa zaidi mwaka baada ya mwaka. Zaidi ya hayo, msuli unaofanya kazi huvuta sukari hata pasipo insulini. Mtoto wako anakaribia balehe, kipindi ambacho homoni za ukuaji humpunguzia kila mtoto usikivu wa insulini kwa muda. Kwa wengi hali hiyo hupita bila kishindo. Kwa mwenye urithi wa kisukari katika ukoo, kuingia balehe na misuli iliyolala ni kuongeza mzigo juu ya mzigo.

Mishipa ya damu nayo ina habari yake. Damu inapopita kwa kasi wakati wa kukimbia, utando wa ndani wa mishipa hutoa gesi ya nitriki oksidi ambayo huilegeza na kuilinda isikakamae. Uchunguzi wa miaka mingi wa Bogalusa katika jimbo la Louisiana, Marekani, ulioanza mwaka 1973, uliwachunguza hata watoto na vijana waliofariki kwa ajali, na ukaonyesha kwamba michirizi ya mafuta kwenye mishipa huanza utotoni, na huwa mingi zaidi kwa wale waliokuwa na presha, mafuta ya damu na uzito wa juu kwa pamoja. Shambulio la moyo la mtu wa miaka 55, kwa hiyo, lina historia inayoanzia darasani.

Watafiti waliokusanya takwimu za watoto na vijana zaidi ya 9,000 kutoka nchi 14, na kuchapisha matokeo mwaka 2016, walipata kwamba wavulana wenye uwezo wa chini ya mililita 42 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, na wasichana wa chini ya 35, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na vihatarishi vya moyo (yaani mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa moyo) vilivyorundikana kuliko wenzao waliovuka viwango hivyo. Ni alama ya kumwambia mzazi na daktari waangalie kwa makini. Si jina la ugonjwa.

Nakuonya hata hivyo usiyachukue matokeo hayo kwa pupa, kwa kuwa hesabu yenyewe ina mtego. Uwezo ukigawanywa kwa kilo za mwili, mtoto mnene huonekana dhaifu hata kama moyo wake una nguvu sawa na wa mwenzake, kwa sababu mafuta yanahesabiwa kwenye kilo ilhali hayatumii oksijeni kama misuli. Sehemu ya uhusiano kati ya pumzi na afya, basi, ni uhusiano wa unene uliovaa nguo nyingine. Watafiti wakiondoa athari ya mafuta katika hesabu zao, uhusiano hupungua. Katika tafiti nyingi, lakini, hautoweki. Kwa mtoto wako mtego huu haupo, kwa kuwa si mnene, na ndiyo maana pumzi yake inatuambia kitu ambacho mizani haiwezi kukisema. Mizani humpima mtoto jumla, bila kutenganisha msuli na mafuta, na bila kuonyesha mafuta yamekaa wapi. Ukitaka kipimo cha nyumbani kinachosema zaidi, chukua uzi, zungusha kiunoni usawa wa juu kidogo ya kitovu, kisha uone kama unazidi nusu ya urefu wake. Ukizidi, mwambie daktari, hata kama mizani imesifu. Angalia pia ngozi ya nyuma ya shingo: weusi mzito unaofanana na velveti, usiotoka kwa sabuni, ni dalili kwamba insulini inazalishwa kupita kiasi.

Watu hapa kwetu hupenda kusema kwamba pumzi ni damu ya mtu, yaani ni ya kurithi, na mfano hauko mbali: Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, aliyeshika dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Tokyo na ya mita 10,000 kule Paris mwaka 2024. Urithi una sehemu yake, sikatai. Lakini mtafiti wa mazoezi Bengt Saltin na wenzake, walipowapima wavulana wa nyanda za juu za Kenya katika miaka ya 1990, walikuta kwamba wale wasiofanya mazoezi hawakuwapita vijana wa Skandinavia, na waliokuwa mbele sana ni wale ambao miguu yao ilikuwa ikifanya kazi. Na miguu ya watoto duniani inapunguziwa kazi: katika nchi 19 tajiri na zenye uchumi wa kati wa juu, uwezo wa watoto ulishuka kwa takribani asilimia 7 kati ya mwaka 1981 na 2014, na huko Maputo, Msumbiji, mji wa Kiafrika kama ya kwetu, wapimaji walioona watoto wa mwaka 1992 na wa 2012 waliona mbio zao zikidhoofika. Kinachomtofautisha mwanao na babu yake alipokuwa na miaka 11 ni bodaboda na masomo ya Jumamosi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayoharakisha pumzi, na angalau siku tatu kwa wiki shughuli hiyo iwe ya nguvu na yenye kuimarisha misuli na mifupa. Mimi nazichukulia dakika hizo kuwa kiwango cha chini. Utafiti wa watoto 1,732 wa Denmark, Estonia na Ureno uliochapishwa mwaka 2006 uliona kwamba kundi lililokuwa na vihatarishi vichache zaidi lilikuwa likijishughulisha karibu dakika 116 kwa siku katika umri wa miaka 9, na 88 katika umri wa miaka 15. Usishtuke. Hakuna anayekutaka umfanyishe mtoto mazoezi ya saa mbili. Mtoto anayetembea, anayecheza mapumziko yote mawili na anayechota maji hufika huko bila saa mkononi.

Anza na njia ya shule. Kilomita mbili kwa mwendo wa haraka ni kama dakika 25, na kwenda na kurudi ni 50. Najua barabara zetu, na sikushauri umwache peke yake kando ya malori. Tafuta wazazi wawili watatu wa mtaa huo, watoto waende kundi moja na mtu mzima, au bodaboda imshushe nusu ya njia panapokuwa salama. Njia ikishindikana kabisa, jioni irudishe mchezo. Mtoto wa miaka 11 hakuumbwa kukimbia polepole kwa nusu saa kama mtu mzima anayetafuta kupunguza kitambi. Yeye hukimbia kwa vipande vifupi, husimama, hurudi tena, na vipande hivyo hujenga moyo vizuri sana. Kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa, ni zoezi bora kuliko mengi ninayoyaona katika vilabu vya kulipia. Kamba, mpira wa wachache kwenye uwanja mdogo, netiboli, kuogelea palipo na mwangalizi, vyote vinafaa. Kwa wiki mbili za mwanzo, akichoka aruhusiwe kutembea: akimbie dakika moja, atembee mbili, mara nane au kumi. Kipimo cha nguvu ni mdomo wake. Aweze kusema maneno machache lakini asiweze kuimba.

Iwe karibu kila siku, na sababu yake ni ya kibaiolojia. Usikivu wa insulini unaoongezeka baada ya kipindi kimoja cha mchezo hudumu siku moja au mbili, kisha hufifia. Mchezo wa Jumapili peke yake humwacha msuli ukilala siku tano. Hii ndiyo sababu nakuomba ukazungumze na walimu kuhusu masomo ya Jumamosi, au angalau yakatwe na mapumziko ya kweli. Najua P7 inakuja na mtihani wake, na najua shinikizo wanalopewa walimu. Lakini mtoto wa P5 anayekalishwa siku sita kati ya saba anakopeshwa alama kwa riba.

Kwa mwalimu wake nina ombi moja: asitumie kukimbia kama adhabu. Mtoto aliyechelewa akizungushwa uwanja mara tano hujifunza kwamba mbio ni aibu, na somo hilo hukaa muda mrefu kuliko hesabu. Ikiwa mwalimu ana watoto 80 na mpira mmoja, awagawe katika makundi ya watoto wanane wanane, wengine wakirukaruka kamba, wengine wakikimbizana katikati ya mistari miwili iliyoachana mita 20. Mistari hiyo ndiyo kipimo maarufu alichokianzisha Luc Léger kule Kanada katika miaka ya 1980: mtoto huenda na kurudi akifuata mlio, akianza kwa kasi ya kilomita 8.5 kwa saa na kuongeza nusu kilomita kila dakika mpaka ashindwe. Filimbi, saa na chokaa vinatosha. Ila matokeo yasisomwe hadharani. Kila mtoto ashindane na alama yake ya muhula uliopita.

Kuhusu chakula sitasema mengi, kwa kuwa hukuuliza na kwa kuwa posho na maharage ya shule si adui. Soda ya kila siku ndiyo ningeiondoa, na sukari ya chai ningeipunguza kijiko kwa kijiko. Asubuhi ale kitu chenye uzito kabla ya kutoka, hata muhogo au yai.

Usitarajie miujiza ya namba. Watoto wakifanyishwa mazoezi yaliyopangwa vizuri kwa miezi mitatu, uwezo wao wa oksijeni kwa kawaida hupanda kwa asilimia kati ya 5 na 10, si zaidi; lakini hiyo inatosha kumtoa mtoto kwenye kukaa chini akihema hadi kumaliza mizunguko miwili, na manufaa ya insulini hutangulia hata kabla ya mwendo kubadilika. Andika leo ni umbali gani anaweza kwenda kwenye uwanja uleule kabla ya kusimama, na mapigo yake ya asubuhi kabla hajaondoka kitandani. Rudia baada ya wiki 12. Umbali ukiwa umeongezeka, endelea, na presha ipimwe mara moja kwa mwaka kwa sababu ya baba yake. Ukiwa haujabadilika ilhali amecheza kweli siku nyingi za wiki, mrudishe kwa daktari na uombe picha ya moyo, hata kama mara ya kwanza haikusikika sauti yoyote isiyo ya kawaida.